Rekoda ya nje haiongezi kile ambacho kamera haikitoi

Mhariri,

Siku hizi ukiingia kwenye duka la vifaa vya video na kamera ya sinema iliyokwishatumika, tuseme Canon C100 au Sony FS5, swali la kwanza la muuzaji ni kama unayo rekoda ya nje, yaani kifaa kinachofungwa kwenye kamera na kurekodi picha inayotoka kwenye tundu lake. Swali lenyewe si baya. Ubaya uko kwenye jibu analolishika mkononi tayari: funga hii, picha itakuwa ya biti 10 (viwango vingi zaidi vya rangi), itakuwa 4K (pikseli kama mara nne za HD), itakuwa sinema. Sisi tunaofanya kazi na vifaa hivi tunaomba nafasi kwenye gazeti lako kwa sababu fedha inayotoka hapo ni nyingi, na mara nyingi inanunua uwezo ambao kamera ya mnunuzi haiwezi kuutumia.

Rekoda ni ndoo, kamera ndiyo bomba. Ndoo kubwa chini ya bomba linalodondosha matone haijai upesi kwa sababu ni kubwa. Ndani ya kamera picha hutengenezwa na sensa na kichakataji, halafu hubanwa ili itoshe kwenye kadi. Tundu la HDMI au la SDI huitoa picha kabla ya kubanwa huko kwa mwisho, kwa hiyo kinachokwepwa na rekoda ni mbano, basi. Kama picha ilishashushwa kuwa ya biti 8 kabla ya kufika tunduni, hakuna rekoda itakayozirudisha biti mbili zilizoachwa njiani.

Tuanze na C100. Kwenye kadi inaandika AVCHD (aina ya faili lililobanwa sana) ya megabiti 24 kwa sekunde, biti 8, sampuli ya rangi 4:2:0, maana yake katika kila kundi la pikseli nne rangi imepimwa mara moja tu. Kupitia HDMI inatoa picha ya biti 8 vilevile, ila ya 4:2:2 (rangi imepimwa mara mbili katika kundi hilo) na isiyobanwa. Hapo rekoda ina faida ya kuonekana kwa macho: ukimkata mtu kutoka kwenye kitambaa cha kijani, kingo za nywele zinatoka safi zaidi, na minazi inayoyumba kwa upepo haigeuki uji. Lakini anga ya magharibi inayoonekana kama imepakwa rangi kwa mistari itabaki na mistari yake. Biti 8 ni viwango 256 kwa kila rangi, biti 10 ni viwango 1,024, na C100 haina hivyo 1,024 vya kutoa.

Wengi wanadanganywa na maandishi hapa. ProRes 422 ni kodeki (njia ya kubana na kuhifadhi picha) ya biti 10, kwa hiyo picha ya C100 ikirekodiwa kwa ProRes, programu ya kuhariri itaandika kwamba faili ni la biti 10, na muuzaji atakuonyesha kwa kidole. Ni gunia la kilo 100 lililotiwa mchele kilo 25. Lebo inasoma ukubwa wa gunia.

C300 ya kwanza ni mfano mkali zaidi. Ndani inaandika 4:2:2 kwa megabiti 50, biti 8. Kwenye SDI inatoa 4:2:2, biti 8. Kilichobaki ni tofauti ya mbano, na megabiti 50 za 4:2:2 ni kiwango ambacho mashirika makubwa ya utangazaji ya Ulaya yamekipokea kwa HD miaka mingi. Mwenye C300 aliyeshawishiwa kununua rekoda tungemwambia anunue taa. Ndugu yake C500, ya mwaka 2012, ni kinyume kabisa: ndani ina megabiti 50 hizohizo za HD, lakini kwenye matundu yake ya 3G-SDI inatoa RAW (data ghafi ya sensa) ya 4K ya biti 10. Ukiichukua bila rekoda umenunua C300 nzito.

Panasonic GH4 ya mwaka 2014 haikuuzwa kama kamera ya sinema, ila imefanya kazi nyingi za sinema. Kwenye kadi inaandika 4K ya biti 8, 4:2:0. Kwa HDMI inaweza kutoa biti 10, 4:2:2, na hapo rekoda inastahili bei yake. Tatizo ni kwamba ukichagua biti 10 kwenye menyu, kurekodi kwenye kadi kunazimika. Unabaki na nakala moja tu iliyoko kwenye rekoda, na bwana harusi hawezi kuombwa arudie kuvisha pete. Sony A7S ya kwanza haina 4K ya ndani kabisa. 4K yake inatoka HDMI peke yake, na ni ya biti 8.

FS5 ndiyo inayoleta ugomvi mwingi. Ikirekodi 4K ndani inatoa biti 8, 4:2:0. Ikirekodi HD inatoa biti 10, 4:2:2. RAW yake ya biti 12 hupita kwenye SDI, lakini katika FS5 ya kwanza, ya mwaka 2015, RAW ni leseni inayonunuliwa kando, inayoitwa CBKZ-FS5RIF, na hufungwa kwenye kamera moja. FS5 II ya mwaka 2018 inatoka kiwandani nayo. Kwa hiyo anayenunua FS5 mkononi mwa mtu aiwashe kwanza, aingie kwenye menyu na kuona kama RAW inachagulika, kabla hajauliza bei ya rekoda yoyote. Halafu rekoda yenyewe iwe na tundu la SDI na iwe inaielewa RAW ya Sony, kama Shogun Inferno au Odyssey 7Q+. Rekoda ya Ninja V ya Atomos kama ilivyo ina HDMI tu. SDI inahitaji moduli ya AtomX inayouzwa peke yake.

Kamera mpya zimeifanya biashara hii kuwa nyepesi. Canon C70 na Sony FX6 za mwaka 2020, na FX3 ya mwaka 2021, zinaandika 4:2:2 ya biti 10 kwenye kadi zao wenyewe. Blackmagic Pocket 4K inaandika ProRes au Blackmagic RAW moja kwa moja kwenye SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) kwa waya wa USB-C. Mwenye kamera hizi anahitaji skrini nzuri ya kutazamia, na skrini isiyorekodi ni rahisi zaidi. Rekoda inabaki na sababu tatu tu kwake: RAW ambayo kamera haiandiki ndani, nakala ya pili papo hapo, au mteja anayedai ProRes jioni ileile bila kusubiri kubadilishiwa.

Neno RAW kwenye boksi la rekoda halina maana mpaka ujue ni RAW ya nani. Rekoda za Atomos zinaandika ProRes RAW. Video Assist 12G, rekoda ya Blackmagic, inaandika Blackmagic RAW. Kila moja ina orodha yake ya kamera, na kamera isiyomo kwenye orodha haitatoa RAW hata uibembeleze; Canon C300 Mark II na Panasonic EVA1, kwa mfano, zimo kwenye orodha ya Video Assist 12G. Kisha angalia kompyuta ya mhariri (wa video, Mhariri, si wewe). Matoleo ya zamani ya programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve hayafungui ProRes RAW. Ukirudi na saa tano za ProRes RAW kwa mtu mwenye toleo hilo, umempelekea kufuli bila ufunguo. ProRes ya kawaida haina shida hiyo, hata kwenye Windows.

Tukishajua bomba linatoa nini, twende kwenye waya. HDMI 1.4 inapitisha 4K mpaka fremu 30 kwa sekunde. Kwa 4K ya fremu 50 au 60 unahitaji HDMI 2.0, ambayo ni gigabiti 18 kwa sekunde, kwenye kamera, kwenye rekoda na kwenye waya wenyewe. Mmoja kati ya hao watatu akiwa dhaifu, picha itakatika-katika au skrini itakuwa nyeusi, na lawama kawaida huiangukia rekoda. Kwenye SDI ni hivyohivyo: 3G-SDI inatosha HD ya fremu 50, 12G-SDI inatosha 4K ya fremu 50. Kama kamera ina matundu yote mawili na yanatoa kitu kilekile, chukua SDI. Kichwa chake cha BNC kinajifunga kwa kuzungushwa, wakati HDMI ndogo inachomoka mtu akikohoa. Palipo na HDMI pekee, tumia waya wa sentimita 30 hadi 50 na uubane kwenye fremu ya chuma ya kamera, maana tundu la HDMI ndogo likilegea, tiba yake mara nyingi ni kubadilisha bodi nzima.

Jambo moja linawasumbua sana watumiaji wa kamera za eneo la umeme wa hezi 50, yaani sisi. C100 ya kwanza ikiwekwa PF25 (mpangilio wa fremu 25) inatoa fremu 25 kamili (25p) zilizofungashwa ndani ya mawimbi ya 50i, ambayo hugawa kila fremu katika nusu mbili za mistari. Rekoda isipoambiwa, itaandika faili la 50i, na mhariri atakapopunguza kasi au kubadilisha ukubwa ataona meno ya kitana kwenye kila kitu kinachotembea. Kwenye menyu ya rekoda tafuta mpangilio wa PsF, uiambie ipokee 50i kama 25p. Rekoda isiyo na mpangilio huo haiifai C100, hata kama inauzwa kwa bei ya kutupa.

Hifadhi ndiyo gharama ambayo haisemwi dukani. Kadi ya C100 hula kama gigabaiti 11 kwa saa. Picha hiyohiyo ya HD ya fremu 25 kwa ProRes 422 HQ (daraja lake la juu) ni megabiti 184 kwa sekunde, gigabaiti 83 kwa saa. Ukipanda 4K ya fremu 25, HQ ni megabiti 737 kwa sekunde, gigabaiti 332 kwa saa. ProRes 422 ya kawaida ni gigabaiti 221. LT, daraja jepesi zaidi, ni kama 154. Shughuli ya saa sita kwa 4K HQ ni terabaiti mbili, na hizo ni nakala ya kwanza tu. Kwa harusi, semina na mahubiri sisi tungerekodi LT bila aibu. HQ iachiwe tangazo na filamu ambapo kila pikseli itaguswa wakati wa kusahihisha rangi. Na kwa kamera ya biti 8, HQ ni kulipia hewa.

Kwenye SSD yenyewe usisome kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo ni kasi ya mbio fupi. SSD nyingi za bei nafuu zina sehemu ndogo ya haraka mbele, na ikishajaa, kasi ya kuandika inaporomoka, baadhi zikishuka chini ya megabaiti 100 kwa sekunde. 4K HQ ya fremu 25 inataka megabaiti 92 kila sekunde bila kupumua. Ya fremu 50 inataka 184. Ndiyo maana rekoda hufanya vizuri dakika kumi za mwanzo, kisha inaanza kuruka fremu katikati ya hotuba ya mgeni rasmi. Watengenezaji wa rekoda hutoa orodha za SSD zilizojaribiwa. Nunua zilizomo, kwa jina na ukubwa uleule, kwa sababu ya gigabaiti 250 na ya terabaiti moja za jina moja zinaweza kutofautiana kwa kasi. Uipangilie upya (format) ndani ya rekoda, usifanye hivyo kwenye kompyuta. Kisha uijaribu kwa kurekodi mfululizo mpaka ijae, si kwa dakika mbili. Washa tahadhari ya fremu zilizoruka, na kama rekoda ina mpangilio wa kuacha kurekodi fremu ikiruka, uamue mapema kama unautaka. Kwenye tukio la moja kwa moja ni afadhali iendelee.

Video Assist 12G inaandika kwenye kadi za SD za UHS-II (aina ya kasi) au kwenye SSD ya USB-C. Kadi ni ndogo na hazilegei, ila hesabu bei ya kila gigabaiti kabla hujazisifu.

Umeme sasa. Ninja V inakula kati ya wati 10 na 22 kutegemea kazi na mwanga wa skrini. Betri ya NP-F970 ya kweli ina volti 7.2 na takriban milliampea-saa 6,600, yaani kama wati-saa 47. Gawanya mwenyewe: kwa wati 20 ni saa mbili na dakika chache, ikiwa mpya. Betri ndogo ya NP-F550 haifiki hata saa moja. Sokoni kuna betri za umbo hilohilo zenye namba kubwa kwenye lebo na uzito wa kiberiti. Ishike mkononi, ulinganishe na ya kampuni. Umeme ukikatika rekoda ikiwa inaandika, faili halifungwi, na faili lisilofungwa halifunguki kwenye kompyuta ingawa data imo. Baadhi ya rekoda hulirudisha zenyewe ukirudisha SSD ileile bila kuigusa, kwa hiyo likitokea usiipangilie upya kwa hasira. Kwa kazi ndefu ni heri betri ya V-mount (betri kubwa ya kamera) inayolisha kamera na rekoda pamoja, au rekoda yenye nafasi mbili za betri kama Video Assist 12G ya inchi 7.

Na ukitumia umeme wa pamoja wenye tundu la D-Tap (tundu la kutolea umeme kwenye betri kubwa), shika mpangilio huu bila kuruka: kwanza umeme kwenye rekoda, halafu waya wa SDI. Wakati wa kufungua, waya wa SDI utoke kwanza, umeme baadaye. Ukichomeka SDI kabla umeme haujakaa sawasawa, mkondo unaotafuta njia ya kurudi kwenye betri unapita kwenye ganda la waya wa SDI na kuunguza saketi ya tundu la kamera. Kamera inaendelea kuwaka na kurekodi kama kawaida, ila SDI imekufa, na hakuna atakayejua ilikufa saa ngapi. Waya wa D-Tap uliolegea unafanya kazi hiyohiyo ya uharibifu. HDMI nayo haipendi kuchomekwa na kuchomolewa vifaa vikiwa vinawaka.

Joto na kelele havihitaji maneno mengi. Rekoda za 4K zina feni. Usizibe matundu yake kwa mkanda, na maikrofoni ya juu ya kamera itaisikia ukiwa chumbani. Juani Dodoma saa saba mchana, rekoda nyeusi iliyofungwa juu ya kamera itajizima kabla yako. Mwavuli ni kifaa cha kazi.

Sauti ipite kwenye kamera, isafiri na picha ndani ya HDMI au SDI. Ukichomeka maikrofoni kwenye tundu la rekoda, sauti inafika mara moja wakati picha bado inachakatwa na kamera, na mdomo utachelewa kwa fremu kadhaa. Rekoda nyingi zina mpangilio wa kuchelewesha sauti kwa fremu. Piga kofi mbele ya lenzi, hesabu fremu, weka namba hiyo.

Rekoda za mitumba zina mtego wake. Odyssey 7Q ilikuwa mashine ya heshima, lakini haitengenezwi tena na ilitaka SSD za kampuni yake. Ikiuzwa bila SSD, bila kebo ya umeme na bila kishikio, bei yake ni ya skrini, si ya rekoda. Uliza pia kama kodeki au RAW unayoitaka imeshawashwa ndani yake, maana baadhi ziliuzwa kama nyongeza za kulipia.

Kabla hujatoa fedha, omba dakika 45 dukani na uende na kamera yako, betri yako na waya wako. Zima maandishi yote yanayotoka kwenye HDMI au SDI, kisha rekodi dakika moja na uitazame kwenye kompyuta, kwa sababu alama ya betri iliyochapwa kwenye kona ya picha haifutiki. Elekeza lenzi kwenye ukuta mweupe wenye mwanga unaofifia upande mmoja, utazame kama kuna mistari. Bonyeza kitufe cha kurekodi cha kamera uone kama rekoda inaanza yenyewe na kama taimukodi (saa inayoandikwa kwenye kila fremu) za faili mbili zinalingana. Rekodi mshale wa sekunde wa saa ya ukutani kwa nusu saa, kwa kiwango cha juu utakachotumia, halafu pitia faili kutafuta mahali mshale ulipopiga hatua mbili. Usipopakuta, chomoa SDI kwanza, umeme baadaye, ndipo mzungumze bei.

Wenu,
Mafundi wa picha za video,
Dar es Salaam